Inchi Mbili za Kiunoni

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa nne na nusu asubuhi. Mwanamume mpana aliingia kwenye duka la kushona la senge yangu, yaani dada ya baba, pale Gitothua, Ruiru, akachomoa bastola kiunoni, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya kasha la pini na sahani yangu ya viazi vitamu, halafu akasubiri tuione vizuri. Tulipokuwa tumeiona vya kutosha akairudisha kiunoni, akainua mikono kama mtu anayepekuliwa, akasema, "Fundi, nataka suruali tatu. Lakini unipime nikiwa nayo. Ile ya mwisho nilishonewa Thika, nikikaa kwa gari chuma kinanidunga tumbo." Senge alikuwa na macho yaliyokataa kusoma namba ndogo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya futi na kumsomea. Nikapiga magoti mbele ya yule mtu. Alinukia mafuta ya nywele na nyama choma. Futi ilipopita juu ya kile chuma ilipanda kidogo, kama barabara inapofika kwenye tuta, na nikasoma: arubaini na mbili. Bila bunduki angekuwa arubaini. Senge akaandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa. "Hizo inchi mbili," yule mtu akasema, "ndizo zinafanya watu wakuite mheshimiwa." Alikuwa hajachaguliwa na mtu yeyote, hata kwa kamati ya maji, lakini walinzi wake wakacheka, senge akacheka, na mimi nikaangalia viazi vyangu.

Nimeyarudia haya kwa sababu juzi nilimwona. Nina miaka kumi na tisa sasa, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi mjini Ruiru nikiwa na pakiti ya chumvi. Alikuwa mbele yangu, ameshika mkate na dawa ya mbu. Akageuka, akaniona, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Sasa, msichana. Si upite mbele, una kitu kimoja tu." Hakunijua. Nilipiga magoti mbele ya tumbo lake mara mbili nikiwa na futi mkononi, na hakunijua. Mimi ningemjua hata akiwa amefunikwa gunia, kwa vile mkono wake wa kulia hukaa karibu na mshipi kama mbwa anayesubiri mfupa. Sikupita mbele. Sikujibu pia, lakini hilo si ushujaa, ni tabia yangu. Shuleni waliniita Ukuta. Naweza kukaa na watu siku nzima bila kutoa neno, halafu jioni nikajaza kurasa za shajara kwa yale yote niliyopaswa kusema. Kanisani wananiambia kusamehe ni dawa. Mimi si mgonjwa. Naandika leo kabla mtu hajakuja kuniharibia hasira yangu kwa maombi.

Ule mwaka nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, nikiishi na senge kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, jiko na ndoo za maji. Mbele kulikuwa na meza, kioo kirefu chenye ufa, na cherehani mbili: kubwa ya kukanyaga, ambayo ilikuwa ya senge, na ndogo nyeusi ya mkono, ambayo ilikuwa yangu kwa pindo na mifuko. Ya mkono huzungushwa kwa mpini wa chuma uliopinda, wenye kifundo cha mbao mwishoni. Kile kifundo kilikuwa kinanichubua kiganja, kwa hiyo nilikizungushia uzi mwekundu, safu juu ya safu, mpaka kikawa laini kama kidole cha mtoto. Nakieleza kirefu kwa sababu kuna watu waliokiita jina lingine baadaye.

Baada ya zile suruali tatu, mtaa ulibadilika, na nadhani ni sisi wa dukani tu tuliouona ukibadilika, kwa sababu ulibadilikia kiunoni. Mheshimiwa alikuwa anatafuta kiti kwenye uchaguzi, leo yuko Thika, kesho yuko Ruiru, na kila mkutano aliumaliza kwa kupiga risasi juu hewani. Watoto waliokota maganda ya risasi na kuyapuliza kama filimbi. Ungewasikia wakitoka shule wakipiga filimbi zile njia nzima. Halafu vijana wakaanza kuja kwa senge. Wengine hata pesa ya mshipi hawakuwa nayo. "Mathe, niongezee kiuno." Senge akiuliza, "Umenenepa?" anajibiwa, "La, nataka tu ikae ile ya Mheshimiwa." Walitaka inchi mbili za nafasi ya kitu ambacho hawakuwa nacho. Wakishapewa, walijaza hiyo nafasi kwa simu, kwa spana, kwa mkebe wa mafuta ya kujipaka, wakavaa shati nje, na kutembea wakiwa wameinamia upande mmoja. Dukani wanawake walikuwa wakisema, "Yule naye amebeba." Walikuwa wanasema kwa hofu, lakini walikuwa wanasema pia vile unavyosema mtu amenunua gari.

Kaka yangu Wafula alikuwa mmoja wao. Alikuwa na chumba cha mabati Kiandutu, kule Thika, na alifanya vibarua vya mjengo siku ambazo kulikuwa na mjengo. Jumapili alikuja kula kwetu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mwenye maneno yote ambayo mimi sikupewa. Nakumbuka chakula kimoja hasa: ugali wa wimbi, mrenda, na samaki mmoja ambaye senge alimgawa kwa namna ambayo kila mtu alidhani amepata kichwa. Wafula alikuwa ameanza kuitwa kwa mikutano ya Mheshimiwa, kusukuma watu nyuma na kuimba.

"Jana alinishika bega," alisema. "Akaniita 'Mluhya wangu'."

"Jina lako halijui?" senge akauliza.

"Senge, jina ni la nini? Ana watu wengi."

"Hata ng'ombe wa babu yako walikuwa na majina."

Wafula akacheka mpaka mrenda ukamtiririka kidevuni. Kisha akanigeukia mimi. "Siz, mtu akiwa na mguu wa kuku kiunoni, hata akipiga chafya watu wanasema, ndiyo Mheshimiwa. Mimi nikiongea kwa mjengo, foreman ananiambia nyamaza ubebe mawe. Unaona difference?" Nilicheka. Niliona tofauti vizuri kuliko yeyote mezani, kwa sababu mimi nikiongea hata mawe hayanisikii. Baada ya kula alisimama mbele ya kioo chenye ufa, akafanya mazoezi: anatembea, anasimama ghafla, mkono unaenda kiunoni, uso unakuwa mgumu. "Hivi ndivyo Mheshimiwa hufanya. Haitoi. Anaigusa tu, na watu wote wanarudi nyuma." Senge akamwambia aache upuzi, atavunja kioo. Alifanya tena. Alifanya vizuri sana. Kama ningekuwa sijui hana kitu, ningerudi nyuma.

Jioni ile baada ya kuondoka kwake, mpini wa cherehani yangu ulikuwa haupo. Senge alitafuta chini ya kitanda, kwenye gunia la vitambaa, hata ndani ya ndoo. Aliwashuku watoto wa jirani. Mimi nikabaki kuzungusha gurudumu kwa kiganja, pindo moja kwa muda wa tatu, na moyoni nikimlaani mwizi ambaye sikumjua.

Siku ya mkutano wa Kiandutu ilikuwa Jumamosi. Senge alinituma nimpelekee Wafula suruali yake, ile ya inchi mbili. Nilimkuta chumbani akipiga viatu rangi, akaivaa papo hapo, akanipa kiti na mandazi mawili, akasema, "Kaa hapa mpaka nirudi, kutakuwa na watu wengi." Sikukaa. Nilimfuata mpaka kwa mama mmoja anayekaanga viazi kando ya uwanja, nikasimama nyuma ya kibanda chake, mahali ambapo mtu kama mimi hupenda kusimama. Mheshimiwa alikuwa ameshuka kwenye gari na anasalimia watu. Kisha kundi la mpinzani wake likaingia kutoka upande wa barabara, wakiimba, na mawe yakaanza. Watu wakakimbia kila upande. Mmoja tu alikimbia kumwelekea Mheshimiwa, naye alikuwa kaka yangu. Alikuwa anaenda kumkinga. Najua kwa sababu alikuwa anapaza sauti, "Mheshimiwa, ingia gari! Ingia gari!" na uso wake ulikuwa ule wa mbele ya kioo, na mkono wake ulikuwa unaenda kiunoni, vizuri, haraka, kama alivyofunzwa na yule aliyekuwa anamkimbilia.

Mheshimiwa aligeuka, akaona kijana anakuja na mkono kiunoni, akapiga. Alikuwa karibu naye kiasi cha kumwona macho.

Wafula alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kitu kikaanguka kutoka kwenye suruali yake na kugonga jiwe. Mama wa viazi alikuwa amenivuta chini, lakini kupitia miguu ya meza yake nilikiona: chuma kilichopinda na kifundo chenye uzi mwekundu. Mlinzi mmoja alikiokota, akakitazama, akamwonyesha Mheshimiwa. Wakakitazama pamoja. Nataka msomaji aelewe hili, kwa sababu ndilo nimelibeba miaka hii yote: alijua. Kabla kaka yangu hajamaliza kufa, yule mtu alikuwa ameshika mpini wa cherehani na alijua ni mpini wa cherehani. Kisha akauzungusha ndani ya fulana ya kampeni na kusema kwa sauti, "Mmeona? Ametumwa. Alikuwa na bunduki."

Redioni jioni ilikuwa hivyo hivyo. Kijana aliyetumwa na maadui kumuua mgombea. Ule mpini ulifikishwa kituo cha polisi cha Thika na huko, tuliambiwa, uliandikwa "kitu kinachofanana na bunduki". Bastola ya Mheshimiwa ilichukuliwa kwa uchunguzi na kabla ya wiki kuisha ikawa imerudi kiunoni kwake, kwa sababu alikuwa na leseni, na mtu mwenye leseni akiogopa, hofu yake ni ya kisheria. Tulimpeleka Wafula nyumbani magharibi kuzikwa. Majirani walikaa mbali na jeneza, mikono kifuani, kama tumewaletea ugonjwa. Mchungaji aliomba kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Hakuna aliyesimama kusema marehemu alikuwa nani, na mimi niliyejua, nilikuwa Ukuta. Nilimwambia senge peke yake. Nilimwambia kuhusu uzi mwekundu tukiwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba. Aliendelea kusugua sufuria ileile mpaka ikang'aa, kisha akasema, "Usimwambie mtu. Aliyeua mmoja kwa hofu ya bure, akipata cha kuogopa kweli ataua wangapi?" Nilimchukia kwa hilo. Niliandika kwenye shajara kwamba senge ni mwoga, nikapiga mstari chini ya neno.

Halafu Julai Mheshimiwa akarudi dukani. Hakujua. Hilo ndilo la kushangaza na si la kushangaza: alimuua mpwa wa fundi wake na hakujua, kwa kuwa hakuwahi kuuliza Mluhya wake anaitwa nani au anakula wapi Jumapili. Aliingia na kitambaa cha rangi ya malai, kizuri mno, akataka kaunda suti kwa ajili ya mkutano wake mkubwa wa mwisho, pale Ruiru. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu isiyo na mpini nikishona vifungo. Alikaa kwenye kiti ambacho Wafula alikuwa akikikalia.

"Fundi, ulisikia yaliyonipata Thika?"

"Nilisikia kwa redio, Mheshimiwa," senge akasema.

"Mungu ni mkubwa. Kijana amekuja mbio hivi, macho mekundu, bangi tupu. Mimi nikasema, wewe au mimi." Akawatazama walinzi. "Si nilimwambia weka chini silaha?"

"Ulimwambia mara mbili," mmoja akasema.

"Mara tatu," mwingine akasema.

"Mara tatu. Hakusikia. Hawa vijana wa siku hizi wamelelewa na nani? Mama zao wako wapi? Hata nilimhurumia. Lakini ukimhurumia nyoka..." Akaacha hapo, akaona mahali nilipoketi, akaniambia, "Msichana, niletee maji." Nilimletea kwa kikombe cha Wafula, kile cha bati chenye sikio lililovunjika. Alikunywa yote. Nililitazama koo lake likipanda na kushuka, na nikafikiria mkasi wa senge, ule mkubwa wa kukatia, uliokuwa karibu na mkono wangu. Nasema ukweli: nilifikiria kuutumia, nikaona mahali pa kuuingiza. Kilichonizuia si Mungu. Ni kwamba niliogopa kukosea.

"Nimekonda kwa hii kampeni," akasema akisimama. "Nipime upya. Na kama kawaida, nikiwa nayo."

Nikapiga magoti. Senge akazungusha futi, nikashika ncha. Ikapanda tuta. Kilikuwa chuma kilekile. Nikaangalia namba, na namba ilikuwa arubaini na moja. Nikafungua mdomo, mimi ambaye nilikuwa sijasema neno dukani tangu mazishi, nikasema, "Thelathini na tisa."

Chaki ya senge ikasimama hewani. Macho yake hayakuweza kusoma futi, lakini alikuwa ameshonea watu kwa miaka ishirini, na viganja vyake vilikuwa vimezunguka kile kiuno sasa hivi. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima, kama tuko rika moja. Kisha akainama, akaandika kwenye kitambaa cha malai, taratibu, tisa yenye mkia mrefu.

"Utakuja kujaribu, Mheshimiwa?"

"Nani ana wakati? Nitatuma dereva asubuhi ya mkutano. Kazi yako naijua."

Akaondoka. Senge alikata, mimi nikashona. Alinipa kiuno chote nikishone mwenyewe, na nilikishona mara mbili, kwa uzi wa jinzi, pasipo hata akiba ya kitambaa nyuma ya kupanulia. Kile kipande cha malai kilichobaki, upana wa vidole vyangu vitatu, nilikificha kwenye sidiria. Vijana wengine walikuwa wakija kuchukua nguo zao, wakimwona senge anapiga pasi ile kaunda suti, wanasema, "Heh, mathe, hii ni ya nani?" na senge anajibu, "Ya mtu mkubwa." Mimi nilikuwa na ndoto yangu na sitaificha. Nilitaka avae suruali isiyoingia bunduki. Nilitaka agombane na mtu. Nilitaka mkono wake uende kiunoni kwa mazoea, kwa sababu mazoea hayaulizi kama kitu kipo, na nilitaka mtu mwingine, mwenye leseni, auone ule mkono ukienda. Nilitaka afe kwa makosa yaleyale.

Siku ya mkutano nilienda na senge. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye paa za vibanda. Mheshimiwa alipanda kwenye gari la wazi akiwa amependeza kweli. Suruali ilimshika kiuno kama bendeji. Shati la kaunda lilipoinuka aliposalimia, kila mtu aliona mshipi, na juu ya mshipi hakuna kitu. Niliona vijana wa mbele wakigusana mabega. "Leo hajabeba." "Acha, iko nyuma." "Nyuma wapi, angalia." Ilikuwa kama wanaongea juu ya mtu aliyenyoa ndevu. Aliongea, lakini sauti yake ilikuwa inatafuta kitu. Aligusa mshipi, akaachia, akagusa tena.

Kisha yule mpinzani akapita barabarani na magari yake, honi juu, na vijana wa pande zote mbili wakaanza kutupiana maneno, halafu chupa. Mlinzi wa mpinzani, mwanamume mwembamba mwenye koti, alishuka na kusogea mpaka karibu na lile gari la wazi. Chupa moja ikapasuka miguuni mwa Mheshimiwa. Naye akageuka na mkono ukaenda kiunoni.

Ulikuwa mwendo uleule. Niliuona mbele ya kioo chenye ufa, nikauona Kiandutu, na sasa niliuona kwa mwenyewe aliyeuanzisha. Yule mwembamba alikuwa ameshatoa yake, ameielekeza. Moyoni nilisema, piga. Si mara moja. Nilisema kwa nguvu zangu zote za kukaa kimya, piga, piga.

Mheshimiwa alitazama mdomo wa bunduki. Akatazama mkono wake uliokuwa umeshika kitambaa kitupu. Na akaanguka kwa magoti ndani ya lile gari, mikono juu, malai yote yakiingia vumbi na vigae vya chupa, akapiga kelele mpaka spika ikalia, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa bado shingoni kwake: "Sina! Sina kitu! Jameni, sina kitu!"

Yule mwembamba hakupiga. Alishusha mkono, kwa vile aliambiwa "sina kitu" na akaamini. Hadi leo sijui kama namshukuru au namlaani. Mama mmoja anayechoma mahindi, ambaye simjui na sijawahi kumwona tena, alisimama na kipepeo chake cha kadibodi akasema kwa sauti ya sokoni, "Na yule kijana wa Kiandutu, yeye alikuwa na nini?"

Halafu mtu akacheka, mwingine akapiga mbinja, na watoto wakaanza kupuliza yale maganda ya risasi, yote kwa pamoja. Mheshimiwa alikuwa bado magotini. Ilikuwa nzuri. Nimesoma mahali kwamba kisasi huacha mdomo mchungu. Labda waliosema hivyo walikila kikiwa kimepoa. Mimi kilikuwa kitamu, na kasoro yake moja ni kwamba hakikutosha. Yeye alipata nafasi ya kusema sina kitu. Wafula hakupewa.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Senge alipika ugali, akakaanga mayai, akaweka sahani tatu kwa mazoea, akaiondoa moja, kisha akairudisha. Tulikula tukiitazama. "Ulisema mimi ni mwoga," akasema. Sikujua kama aliisoma shajara au aliisoma sura yangu. "Ni kweli. Lakini leo nimemwona akipiga magoti kwa ile tisa yangu, na uoga umenitoka miguuni, sijui umeenda wapi." Alichukua bisibisi kwenye droo, akaketi mbele ya cherehani yangu ndogo, akaanza kulegeza skrubu zinazoishikilia kwenye ubao wake.

Asubuhi iliyofuata nilivaa sare ya shule, nikafunga ile cherehani mgongoni kwa leso kama mtoto, nikaenda Thika, kituo cha polisi. Ni chuma kitupu. Kila nilipopanda ngazi ilinisukuma mbele. Senge alitembea nyuma yangu akiishikilia kwa chini. Kituoni kulikuwa na afande mmoja kaunta, anakunywa chai. Niliitua cherehani mbele yake, ikagonga, chai ikamwagika.

"Hii ni nini tena?"

Sauti haikutoka. Senge alikuwa nyuma yangu na hakunisaidia. Nikajaribu tena. "Nimekuja kwa kile kitu kinachofanana na bunduki. Cha kijana wa Kiandutu. Kina uzi mwekundu."

"Wewe umejuaje kina uzi?"

"Niliufunga mimi."

Alinitazama, akamtazama senge, akaitazama cherehani na tundu lake tupu pembeni mwa gurudumu. Watu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wamesikia, na jana yake walikuwa wamesikia pia habari ya Mheshimiwa kupiga magoti, kama Thika yote. Labda ndiyo sababu aliinuka. Aliingia ndani, akakawia, akarudi na mfuko wa karatasi, akautoa mpini na kuuweka kaunta bila kuuachilia. Uzi ulikuwa mweusi upande mmoja. Nikamwomba auweke mwenyewe kwenye tundu. Uliingia. Akageuza skrubu kwa ukucha, ikashika.

Nikatoa kile kipande cha malai kwenye sidiria, nikakiweka chini ya sindano, nikashika kifundo na kuzungusha. Cherehani ikashona, ile sauti yake ya kutafuna, mshono ulionyooka, mpaka mwisho wa kitambaa. Nikakata uzi kwa meno. Nikamwonyesha.

"Sasa andika," nikasema, na nikaanza na jina la Wafula, lote, kisha la yule mtu.